Simu Mbili kwa Baba

Mimi nauza simu Migori mjini, katika duka la mzee mmoja Mwislamu aliyekuja kutoka Garissa kabla sijazaliwa. Kaka yangu mkubwa anafundisha kemia katika shule iliyo karibu na Kosele. Wazazi wetu wako Rusinga, kwenye boma lililo juu kidogo ya ziwa, na huko ndiko tulikopigania vita vyetu kila tulipokutana. Hatukugombania shamba. Tuligombania simu. Yeye alikuwa mtu wa kampuni moja na mimi wa kampuni nyingine, na ingawa simu zote hizo zinatumia Android ileile, mtu akitusikia angedhani tunazungumzia dini mbili.

"Betri yako inazima kabla watu hawajala chakula cha mchana," alikuwa akiniambia.

"Na yako inakaa siku mbili kwa sababu haifanyi kazi yoyote," nilikuwa nikimjibu. "Ukifungua kamera, mtu anazeeka kabla hujampiga picha."

Baba alifurahia sana mabishano hayo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa maneno. Alikuwa emsii wa sherehe na misiba. Kuanzia Rusinga mpaka Mbita na ng'ambo, watu wakizika au wakiozesha, walimwita yeye ashike kipaza sauti. Alijua kuchekesha waliofiwa bila kuwaudhi, na alijua kumnyamazisha mwanasiasa anayezidisha muda bila mwenyewe kujua kwamba amenyamazishwa. Sisi tukianza, alichukua mwiko jikoni, akausogeza mdomoni, akasimama katikati yetu. "Mabibi na mabwana, upande wangu wa kulia, binti kutoka Migori, RAM gigabaiti nane!" Siku moja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo ramu, si ni ile ya kunywa?"

Kiharusi kilimpata asubuhi akivaa viatu. Alikuwa anakwenda harusini Mbita, suti ameshavaa na tai ameshafunga. Mama alimkuta ameketi sakafuni na kiatu kimoja mguuni, akimtazama kama mtu anayetafuta neno.

Alilazwa Homa Bay. Mimi na kaka tulipokezana kukaa naye. Daktari alitueleza kwa upole, akizungumza na Baba zaidi kuliko sisi, jambo nililolipenda. "Mzee, akili yako iko sawa. Unatusikia, unatuelewa, na kusoma unasoma. Ni ulimi na mkono wa kulia ndivyo vilivyokataa kutumwa. Vinaweza kurudi, lakini vitarudi polepole."

Baba aliitikia kwa kichwa. Akafungua mdomo kumjibu, na kilichotoka hakikuwa neno. Alifumba macho. Kaka yangu akageukia dirishani.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko hospitalini. Mama alijitwika kazi ya kumtafsiria, na mara nyingi alikosea. Baba akitaka maji alifunikwa blanketi, akitaka dirisha lifungwe aliletewa uji. Tulimpa kalamu mkono wa kushoto, mistari ikaenda kama njia ya kuku kwenye majivu. Siku moja aliitupa kalamu hiyo ukutani. Mama aliiokota, akaifuta kwa leso, akaiweka juu ya kabati ambako hakuna aliyeigusa tena.

Tulipomrudisha kliniki, mtaalamu wa matamshi, dada kijana mwenye subira nyingi, alitupa wazo. "Mtafutieni simu inayosoma maandishi kwa sauti. Yeye aandike kwa kidole, simu imsemee. Lakini msichukue simu yoyote tu, maana hata mkono wake wa kushoto unatetemeka. Mnajua simu, nyinyi?"

Mimi na kaka tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Baba augue, na dada wa watu hakuelewa tunacheka nini.

Jumamosi iliyofuata kila mmoja alifika Rusinga na simu yake. Mimi nilileta nyeusi. Nilikuwa nimeichagua kwa makini dukani, nikizipambanisha simu kadhaa, nikifungua programu zilezile kwa wakati mmoja kuona ipi inatangulia. Hiyo nyeusi ilikuwa na prosesa yenye kasi, kioo angavu, na kipaza sauti kinachochuja kelele. Kaka alileta ya bluu, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, RAM yake nusu ya yangu, lakini betri yake kubwa na spika mbili, moja juu na moja chini.

Baba alikuwa ameketi kibarazani. Mama alikuwa karibu yake, ungo wa omena, dagaa wa ziwani, mapajani, akitoa mawe na majani. Tulimwekea Baba simu zote mbili juu ya stuli. Alizitazama, kisha akatutazama sisi, na upande mmoja wa uso wake ukatabasamu.

Tulianza na jua. Tukamsogeza uani na kiti chake. Kioo cha simu yangu kilisomeka vizuri, cha kaka kikafifia mpaka ikabidi akikinge kwa kiganja. Nikajipigia makofi. Tukaja kwenye sauti. Ya kaka ilisikika mpaka zizini, mbuzi wakainua vichwa. Yangu ilisikika mpaka mlangoni tu. Kaka aliinama tu kwa heshima kama mtu anayepokea zawadi kanisani.

Kisha tukamwachia Baba mwenyewe aandike.

Kwenye simu yangu kidole chake cha shahada kilitua, kikatetemeka, na kila mtetemeko ukawa herufi. Simu ilikuwa na wepesi mno. Alitaka kuandika neno moja, zikajipanga herufi tatu tatu, akafuta, zikafutika zaidi ya alivyotaka, akaanza tena. Niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso. Nilizama kwenye mipangilio kutafuta namna ya kuipunguzia wepesi, nikafungua kila mlango ninaoujua na nisioujua. Haikuwepo.

Kwenye ya kaka ilikuwepo. Aliipata huku akipiga mluzi: sehemu ya kuiambia simu ipuuze mguso unaorudiwa upesi. Baba akaandika. Kidole kilitetemeka vilevile, lakini simu ilihesabu mguso wa kwanza na kuiacha mingine ipite. Aliandika kwa muda mrefu. Mama aliacha omena. Hatimaye akabonyeza alama ya kusoma, na sauti ya mwanamke, Kiswahili safi cha taarifa ya habari, ikasema:

"Chumvi haitoshi."

"Chumvi gani?" Mama akauliza.

Kidole kikarudi kazini. Tukangoja. "Ya samaki. Tangu nitoke hospitali."

Mama aliweka ungo chini. "Kumbe! Na mimi siku zote hizo nikiona unatikisa kichwa nikasema, mzee anashukuru." Akacheka mpaka akashika nguzo, na Baba akacheka kwa sauti yake mpya isiyo na umbo, na ndipo nilipojua kwamba bado yuko.

Lakini simu hiyo ya bluu ilikuwa nzito katika kufikiri. Baba akimaliza kuandika na kubonyeza, ilikaa kimya kwanza, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ghafla, ndipo ikajibu. Mama alimuuliza kama anataka uji au chai. Aliandika, akabonyeza, simu ikakaa. Mama akafikiri hajaamua, akahamia jambo jingine: "Na mchungaji anauliza atuletee nini akija kutuombea."

"Chai," simu ikasema.

"Mchungaji atuletee chai?"

Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia kaka kwamba simu inayochelewa hivyo itamfanya Baba, mtu aliyeishi kwa kujua wakati wa kusema, awe mtu wa kujibu mambo yaliyopita. Kaka akaniambia kwamba simu inayomtoa jasho haitamfanya aseme chochote. Wote wawili tulikuwa sahihi, na mabishano yakapanda taratibu kama zamani, RAM ikitajwa, prosesa ikitajwa, mpaka simu ya bluu iliyokuwa mapajani mwa Baba ikakata kauli:

"Mabibi na mabwana. Nyamazeni."

Baba aliichukua kwa mkono wa kushoto, akaitia mfuko wa shati, akaupapasa mfuko. Uamuzi ulikuwa umetoka. Nilikubali shingo upande.

Shida iliyobaki hatukuitarajia, na aliyeiona ni Mama. Aliiweka moyoni siku chache, kisha akanipigia kwa kabambe yake, ile simu ndogo isiyo na intaneti, nikiwa dukani.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "huyu mwanamke wenu wa kwenye simu."

"Amefanya nini, Mama?"

"Hajafanya kitu. Ana adabu nyingi. Lakini baba yako hajawahi kuniongelesha Kiswahili maisha yetu yote, hata akikasirika. Kiswahili ni cha sokoni na cha ofisi ya chifu. Sasa ananiambia 'tafadhali'. Nikisikia hivyo naona kama nimekuja kuomba kitambulisho."

Nilijaribu kumfariji. Nikamwambia Baba ajaribu kuandika Kijaluo. Alijaribu. Yule mwanamke akakisoma Kijaluo kwa kinywa cha Kiswahili, herufi zote zimetimia na uhai wote umetoka. Kaka alikuwepo siku hiyo. Aliniambia kwamba simu iliposema "oyawore", salamu ya asubuhi, Mama alitazama nyuma yake kuona ni mgeni gani amekuja.

Wazo la vitufe lilikuwa la kaka. Kuna programu ndogo ambayo unarekodi sentensi kisha inakuwa kitufe kwenye kioo. Ukikigusa, sauti inatoka papo hapo, na hata simu nzito haina la kufikiria. Na sauti ya kaka ilikuwa sauti ya Baba. Tangu abalehe watu walikuwa wakipiga simu nyumbani na kumpa taarifa za msiba wakidhani ni mzee. Basi Baba angechagua maneno, kaka angeyasema kwa Kijaluo, na tungerekodi kwa simu yangu nyeusi, kwa sababu kipaza sauti chake kilikuwa bora na upepo wa ziwa haukukisumbua. Nilifurahi kwamba nyeusi nayo imepata kazi.

Tulikaa kibarazani alasiri nzima. Baba aliandika, kaka akasoma kimoyomoyo, akasafisha koo, akasema. Nataka maji. Mguu unauma. Funga dirisha, upepo. Hayo ya lazima yaliisha upesi. Baba hakuishia hapo. Alitaka pia kitufe cha "Huo ni uongo." Alitaka "Endelea, nasikiliza." Alitaka "Chai hii ameipika nani?" na akamwelekeza kaka kwa mkono, juu, chini, mpaka sauti ikapanda mahali panapostahili na ikasikika kama mtu anayelalamika lakini atakunywa. Mama alikuwa karibu akichambua njugu, akijifanya hasikilizi.

Kisha Baba akaandika maneno mawili, akamgeuzia kaka simu.

Kaka alisoma, akamrudishia simu. "Baba," alisema, "hili siwezi."

Nikainama kutazama. Alikuwa ameandika: Nyar Uriri.

Ni kusema binti wa Uriri. Mama aliolewa kutoka huko, na kwa desturi yetu mke huitwa kwa alikotoka. Lakini ni mume anayemwita hivyo, au shemeji, au mama mkwe. Mtoto hamwiti mama yake hivyo. Kaka ni mtu mzima mwenye familia, mwalimu anayepasha moto tindikali mbele ya wanafunzi bila kutetemeka, lakini jina lile lilimshinda kutamka. Baba alimtazama, akaelewa, akatikisa kichwa polepole kuonyesha kwamba amemsamehe. Mama aliinuka na beseni lake la njugu, akaingia jikoni.

Kwenye gari la kurudi Migori sikufikiria kingine. Tulikuwa tumempa mtu maji na dirisha na utani, na kile alichokisema mara nyingi kuliko kitu chochote maishani hatukuweza kumpa.

Nikaamua kuitafuta sauti yake mwenyewe. Niliona ni jambo rahisi. Mtu aliyesema kwenye umati maisha yake yote lazima awe amebaki kwenye simu za watu. Nikatuma maombi kwa jamaa na majirani, na video zikamiminika dukani kwangu. Baba akitambulisha kwaya. Baba akiwaomba vijana washuke kwenye mti kabla tawi halijavunjika. Baba kwenye mazishi ya rafiki yake, sauti ikikatika, akinywa maji, akiendelea. Nilizitazama zote kati ya mteja na mteja. Lakini mbele za watu alimwita Mama "mwenye nyumba yangu" au "mama watoto". Nyar Uriri halikuwepo popote. Lilikuwa jina la nyumbani, la kuitwa kutoka chumba kimoja hadi kingine, na hakuna anayerekodi mambo kama hayo.

Ila mimi, bila kukusudia, nilikuwa nimelirekodi.

Katika kazi yangu, simu mpya mbili zikija, hupenda kuzifunga pamoja kwa mpira wa nywele na kurekodi kitu kimoja kwa zote mbili, ili mteja aone tofauti kwa macho yake. Mwaka mmoja kabla ya Baba kuugua nilifanya hivyo nyumbani, nikimrekodi Mama akiwarushia kuku mahindi. Video ya simu iliyo bora nilikuwa nimewaonyesha wateja mara nyingi. Uso wa Mama umetulia, kila uzi wa leso unaonekana, na sauti yake inayowaita kuku ni safi, hakuna kingine. Nilikuwa nawaambia watu, sikilizeni kipaza sauti hicho, kimefuta upepo wote.

Video ya simu ya pili, ile ya bei ya chini, niliitunza kama mfano wa ubaya. Anga imeungua na kuwa nyeupe. Uso wa Mama una kivuli. Upepo unavuma kama mtu anayepuliza chupa, kuku wanapiga kelele, mbuzi analia. Siku ile dukani nilizifungua kwa sababu tu zilikuwa zimebaki hizo mbili. Nilitazama kwanza ile bora hadi mwisho, nikaona Mama, mahali fulani katikati, akipunga mkono nyuma yake bila kugeuka, kama anayemnyamazisha mtu. Sikuwa nimewahi kujiuliza anamnyamazisha nani. Nikaifungua ile mbaya. Upepo, kuku, mbuzi. Kisha kutoka nyuma ya nyumba, mbali lakini wazi:

"Nyar Uriri! Nyar Uriri, in kanye?"

Uko wapi.

Simu bora ilikuwa imemsikia Baba ikadhani ni kelele, ikamfuta. Ile dhaifu haikujua kuchuja kitu, ikawachukua wote, upepo na kuku na yeye.

Niliirudia, nikairudia tena. Sikujua kwamba ninalia mpaka mwenye duka alipoinuka kutoka kwenye kiti chake.

"Binti, kuna nini? Nyumbani salama?"

Nikampa simu aisogeze sikioni. Alisikiliza, hakuelewa lugha, akasikiliza tena.

"Huyu ni mzee wako?"

"Ndiyo."

"Anamwita nani?"

"Mama."

Alinirudishia simu kwa mikono miwili. Kisha akaanza kuingiza ndani vibao vya barazani ijapokuwa jua lilikuwa bado juu. "Nenda kwenu," alisema. "Wateja wa leo watanunua kesho."

Kaka alikuja Rusinga na kompyuta yake ndogo kuondoa kelele kwenye kipande hicho. Alikuwa na programu ya kufanya hivyo. Tuliketi sebuleni, sauti tumeishusha, Mama akiwa jikoni na Baba amelala. Alipoondoa upepo, sauti ya Baba ikakonda, ikawa kama inatoka kwenye mkebe. Alipowaondoa kuku, ikakonda zaidi.

"Acha kuku," nikamwambia.

"Na upepo?"

"Acha na upepo."

Kwa mara ya kwanza tangu utoto hakunibishia jambo linalohusu simu. Tukakata maneno mawili ya mwanzo jinsi yalivyo, na kipande cha sauti ya jogoo juu yake, tukayaweka kwenye kitufe. Kaka akachagua rangi ya njano.

Baba alipoamka tulimkalisha kibarazani na kumpa simu yake ya bluu. Tukamwonyesha kitufe kipya, hatukumwambia ni cha nini. Alikitazama, akanitazama. Nikamwambia, "Kiguse, Baba."

Akakigusa. Ile simu yenye spika mbili, inayosikika mpaka zizini, ikapaza sauti:

"Nyar Uriri!"

"Abiro!" Mama akaitikia kutoka jikoni. Nakuja. Aliitikia kama alivyoitikia maisha yake yote, bila kufikiri, na tukasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa, na patipati zake za miguuni zikija. Kisha zikasimama. Alitokea mlangoni na unga mikononi na shavuni. Hakututazama sisi wawili. Alimtazama Baba, na Baba akamtazama yeye, kidole kimebaki hewani juu ya kioo, kikitetemeka.

Mama alijifuta mikono polepole kwenye leso, akaja, akaketi kwenye stuli mbele yake.

"Nimekuja," alisema. "Unataka nini?"

Baba hakuwa na kitufe cha kujibu hilo. Alinyoosha mkono wa kushoto, akamfuta unga shavuni. Kaka yangu aliondoka kwenda kuwatazama mbuzi, na mimi nikamfuata, na tulisimama huko zizini muda mrefu, tukiwatazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Miezi iliyofuata kitufe cha njano kilitumika mpaka Mama akalalamika. Alikuwa akiitwa kutoka shambani kwa njugu, kutoka kwa jirani, kutoka chooni. Akifika, mara nyingi hapakuwa na haja yoyote. "Mzee huyu ananichezea," alituambia, lakini hakuwahi kukawia. Wakati huohuo mazoezi ya matamshi yalikuwa yakizaa matunda kidogo kidogo. Ulimi ulianza na "a", ukaja "ba", ukakaa hapo wiki nyingi hadi tukakata tamaa, kisha ukaruka ghafla na kusema "hapana" kwa mchungaji aliyetaka kuongeza sala nyingine. Kushika kipaza sauti hajashika tena, na tumeacha kumuuliza. Ila huenda harusini, huketi mbele kabisa, na emsii kijana akizidisha, kitufe cha "Huo ni uongo" husikika.

Simu nyeusi nilimwachia Mama. Alikataa kwanza, akisema kabambe yake inamtosha, inapiga, inapokea, na ina tochi. Kaka ndiye aliyemshawishi, akiisifu simu yangu mbele yangu kwa maneno ambayo hajawahi kuyarudia: kioo kinachosomeka juani, kasi, kipaza sauti. Sasa Mama hunitumia ujumbe wa sauti. Hajajifunza kuumaliza. Hubonyeza, husema anachotaka kusema, kisha huisahau simu mapajani ikiendelea kurekodi.

Wiki hii nilipokea ujumbe wake mmoja dukani nikimhudumia mwalimu kijana kutoka Uriri aliyeshindwa kuchagua kati ya simu mbili, ameziweka sambamba kwenye kioo cha kaunta. Nilimwomba radhi, nikaweka simu sikioni. Mama alinisalimu, akaniuliza kama mafua yameisha, akaniambia mvua imenyesha upande wa Mbita lakini kwao bado. Kisha akasahau. Nikasikia ungo ukitikiswa. Nikamsikia akimwambia mtu kwamba kuku mwekundu hatauzwa, na sauti ya mwanamume, nzito, iliyopinda, inayoburuta kila neno kama mtu anayepanda mlima na gunia, ikamjibu kwa Kijaluo kwamba kuku huyo hatagi. Mama akasema atataga. Sauti ikasema hatataga. Wakaendelea hivyo, na kati ya jibu na jibu pakawa na kimya kirefu, naye Mama akakingoja kila mara mpaka kikaisha.

"Dada," mwalimu akaniuliza, "ipi kati ya hizi inasikika vizuri?"

Nikamwonyesha kwa kidole asubiri kidogo. Bado walikuwa hawajakubaliana.